Mlete Baba Yako au Kaka Yako

Simu ilipolia, Sabina Dumallig alikuwa shambani, amezama hadi magotini kwenye matope ya mpunga, anang'oa magugu na kuyakanyagia chini. Hakuipokea. Watu wa Ambalan, kijiji chake cha milimani Ufilipino, wanajua kwamba Sabina akiwa na mpunga wake hata askofu atasubiri. Lakini simu ikakatika, ikalia tena, ikakatika, ikalia, mpaka akasonya na kufuta mkono kwenye sketi.

"Nani huyo ana haraka ya kufa?"

"Dada, ni mimi, Lammawan." Sauti ya mzee ilikuwa inakwaruza. "Kijana wetu amechomwa kisu. Jerwin, mtoto wa Ongay. Asubuhi hii, mjini, nyuma ya zile nyumba wanazopanga wanafunzi. Wanasema aliyemchoma ni mtu wa kwenu."

Sabina akakaa palepale, kwenye matope, na simu yake sikioni.

Lammawan ni mtu wa Tagaweng, kijiji cha ng'ambo ya mto, na hana undugu wowote na Sabina. Wanaitana kaka na dada kwa sababu wawili hao ndio wanaoshika bodong, mkataba wa amani kati ya vijiji vyao. Mkataba haushikwi na kamati wala na kijiji. Unashikwa na mtu mmoja huku na mtu mmoja kule, na mtu wa kijiji chako akimdhuru mtu wa kule, mzigo ni wako. Sabina aliurithi kwa baba yake, mzee Dumallig, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume. Siku aliposimama mkutanoni akasema, "Nautaka mimi," wanaume walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mvinyo wa miwa.

"Mwanamke ashike bodong? Wakija na mikuki atawapikia?"

Mama yake Sabina alikuwa hai bado. Enzi za usichana wake yeye na wenzake waling'oa vigingi vya wapimaji wa bwawa ambalo lingezamisha vijiji, wakavibeba vichwani mpaka ofisi ya mkoa, wakavimwaga mezani mbele ya wanajeshi. Alisimama akawatazama wale wanaume mmoja mmoja. "Na siku ya vigingi nyinyi mlikuwa wapi? Kwenye migomba. Nilikuwa naziona nyayo zenu." Kicheko kikafa. Wakampa Sabina mkataba, wakijua kabla ya mwaka kwisha ataurudisha mwenyewe akilia.

Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Katika miaka hiyo nyati wa kulimia waliibwa wakarudishwa, walevi walipigana wakapatanishwa, lori la Ambalan lilimgonga msichana wa Tagaweng akafa, na Sabina akaenda kwa miguu, peke yake, akalala siku tatu kwenye nyumba ya msiba akichota maji na kukatia kuni wafiwa. Hapakumwagika damu ya kisasi hata tone. Wale wanaume siku hizi wanasema wao ndio waliompendekeza. Ndivyo walivyo, tutawafanyaje?

Jambo alilojivunia kuliko yote lilikuwa kusoma sheria. Kila mkataba ulipofanyiwa sherehe ya kuupa uhai upya, ngoma za shaba zikishanyamaza, Sabina alipanda jukwaani na kipaza sauti akasoma vifungu vyote ishirini na viwili, bila kukosea, na sauti yake ikifika mpaka ng'ambo ya mto.

Sasa alitoka kwenye matope akakimbia nyumbani.

Kufika saa nne kijiji kizima kilikuwa kimeshajifungia. Damu ikimwagika kati ya vijiji viwili, hakuna anayeuliza ni nani hasa aliyemwaga. Mtu yeyote wa Ambalan anatosha kulipa. Wanafunzi waliokuwa mjini wakakimbilia kanisani. Dereva wa jipni, basi dogo la abiria, akawaacha abiria wake kituoni akarudi kwa njia ya mtoni. Sabina alimpigia binti yake Rhodalyn, anayesomea uuguzi mjini, mara saba. Simu ilikuwa imezimwa. Akajiambia chaji imekwisha, maana ukianza kuwaza jingine hutaweza hata kufunga kamba za viatu.

Binamu yake Fausto Bawalan, kapteni wa kijiji aliyechaguliwa kwa kura, akaja na tumbo lake na redio ya mkononi. "Binamu, naweka vijana kumi na bunduki pale darajani."

"Weka, na mimi mkataba naurudisha leo leo, ukapigane peke yako na hilo tumbo."

"Basi nikusindikize mpaka darajani."

"Umesahau? Mwenye mkataba anakwenda peke yake, mikono mitupu. Kaa hapa upige simu, hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Akaenda. Saa mbili kwa miguu, daraja la kamba, kisha mlima. Neno la kwanza lazima litoke kinywani mwa mwenye mkataba, na litolewe mbele ya waliodhurika, kabla vijana hawajashika njia.

Tagaweng hakuna aliyemkaribisha hata maji. Ongay, mama yake Jerwin, alikuwa amesimama uani kwake, mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, macho makavu. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka hospitali; kijana alikuwa amepasuliwa tumbo na madaktari walisema ataishi. Sabina akashusha pumzi. Kaka zake Jerwin hawakushusha. Walikuwa wanasema wazi kwamba wanataka tumbo kwa tumbo.

"Apa," Ongay akamwambia Sabina. "Apa hapa, watu wasikie."

Sabina akaapa kama wenye mkataba wanavyoapa. "Yeyote wa Ambalan aliyemdhuru mtu wa Tagaweng, nitamleta kwa mkono wangu, hata kama ametoka tumboni mwangu."

"Yeyote?"

"Yeyote, dada."

Ongay akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaingia ndani. Sabina hakulitilia maanani. Maneno yale alikuwa ameyasema mara nyingi sana, yamekuwa kama salamu.

Aliporudi, jua likiwa bado liko juu, alimkuta Rhodalyn jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula wali uliopoa, kwa mkono, bila mboga, haraka haraka. Viatu vyake vyeupe vya uuguzi vilikuwa vimekuwa rangi ya udongo.

Sabina alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Mungu wangu! Umekujaje? Si wenzako wamejificha kanisani? Wakikuona njiani je? Simu yako iko wapi?"

"Nimetembea. Nimepitia msituni."

"Kutoka mjini! Una wazimu, Dalyn? Watu wa Tagaweng wanamtafuta mtu wa kumtia kisu, na wewe unakatiza msitu peke yako kama…"

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyemchoma."

Sabina alisikia kila neno, akalielewa kila moja peke yake, lakini hayakutaka kukaa pamoja. Alimtazama binti yake mdomo, akasubiri useme kitu kingine. Akashika nguzo ya jiko, ambayo ilikuwa ya moto kwa moshi, na hakuhisi.

Rhodalyn akashusha kola ya sare. Shingoni, pande zote mbili, palikuwa na alama za vidole, nyekundu zinazogeuka zambarau. Jerwin alikuwa akimfuata tangu Juni. Akimngoja getini, akimwita mchumba mbele za watu. Asubuhi ile alimkuta bombani, peke yake, akamsukuma nyuma ya ukuta wa bafu akamkaba koo kwa mkono mmoja. Rhodalyn alikuwa na kisu cha kumenyea balungi mfukoni mwa aproni. "Sikufikiri, Mama. Nilikuwa sipati hewa."

Ningependa kuwaambia kwamba Sabina alimkumbatia. Hakumkumbatia. Alikwenda chumbani, akafungua sanduku, akatoa karatasi za mkataba, akatafuta kifungu. Miaka kumi na tisa imemfanya mtu wa hivyo. Kifungu cha tisa: mwanamke wa kijiji kimoja akivunjiwa heshima na mwanamume wa kijiji kingine, baba yake au kaka yake ndiye atakayelalamika kwa mwenye mkataba. Bila malalamiko hakuna kosa.

Akasoma tena. Mume wake Sabina alikufa kwa homa Rhodalyn akiwa na miaka minne, na kaka hajawahi kuwa naye. Kwa hiyo kwa mujibu wa sheria hakuna kilichompata Rhodalyn bombani. Kilichotokea ni kisu tu. Damu ya kwanza imemwagwa na Ambalan, na tumbo kwa tumbo ni haki yao. Na sheria hii yeye mwenyewe ameisoma kwa kipaza sauti, mbele ya mamia ya watu, akiwa amevaa shanga zake zote, na watu wakampigia makofi. Mara zote hizo, hakuisikia!

Ndipo akarudi jikoni akamshika mtoto wake, na wakalia wote wawili mpaka Fausto akawakuta hivyo.

Fausto alipoelezwa alivua kofia, akaivaa, akaivua. "Tumtoe. Keshokutwa yuko Manila, mwezi ujao yuko Saudia anafanya kazi za ndani. Nina mtu wa pasipoti."

"Na wale watoto walioko kanisani? Wao una pasipoti zao?"

"Binamu, huyu ni damu yako!"

"Najua ni damu ya nani, nilikuwepo alipozaliwa." Sabina akapangusa pua. Kichwa kilikuwa kimeanza kufanya kazi. "Nimeapa kumpeleka na nitampeleka. Ila hatakwenda bila malalamiko. Wewe ni binamu yangu, baba yake hayupo, kwa desturi wewe ni baba. Utakuwa mdomo wake."

"Mimi? Tagaweng?" Fausto akatazama sakafu. "Mimi huko sijakanyaga miaka mingi."

"Najua hujakanyaga. Kila sherehe unaumwa mgongo. Miaka thelathini unaogopa mlima! Kesho utakanyaga, la sivyo uchaguzi ukija nitapanda jukwaani na kipaza sauti changu niwaambie watu kwa nini."

Alisema kwa mzaha, akidhani ni woga wa kawaida wa wanaume wanene. Fausto alijifuta jasho akakubali.

Asubuhi iliyofuata uwanja wa Tagaweng ulijaa. Wanaume walikaa mbele kwenye mawe, wanawake nyuma, kaka zake Jerwin wamesimama na visu viunoni. Sabina aliingia amemshika Rhodalyn mkono, akatembea naye mpaka katikati, akasema, "Nimemleta." Mnong'ono ukapita. Mwanamke! Binti yake mwenyewe! Lammawan, ambaye sigara haimtoki mdomoni, aliiacha ikaanguka ikamtoboa suruali.

"Dada, hii ni nini?"

"Ni yeye. Na ana malalamiko. Baba yake huyu hapa atayasema."

Fausto akasimama. Mtu wa siasa ni mtu wa siasa. Alianza kwa kigugumizi, lakini alipoona watu wanamsikiliza, kifua kikajaa. Alisema juu ya bomba, juu ya ukuta, juu ya alama za shingoni. Aliyasema vizuri, na Sabina aliona nyuso za wazee zikilegea, hata kaka mmoja wa Jerwin akatazama chini. "Heshima ya mwanamke," Fausto akamalizia, mkono juu, "ni heshima ya kijiji kizima! Anayemgusa mmoja ametugusa sote!"

Lammawan akaitikia kwa kichwa. "Malalamiko yamesikika. Basi kisu kilijibu kosa. Tunaweza kuzungumza."

Sabina alihisi hewa ikiingia mapafuni kwa mara ya kwanza tangu jana. Amepona. Mtoto wake amepona.

Nyuma, kwa wanawake, mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kama cha mtu anayekohoa. Ongay alikuwa amesimama.

"Rudia," akamwambia Fausto. "Hapo pa heshima, rudia."

"Ongay, kaa chini," Lammawan akasema. "Una mgonjwa hospitali."

"Najua mgonjwa wangu yuko wapi, mimi ndiye niliyemwosha. Nimemuuliza alichofanya, amenijibu, na akipona tutaonana mimi na yeye. Sasa nazungumza na huyu mwenye heshima." Alikuja mbele, akapita katikati ya wanaume, ambao walisogeza miguu yao. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuja Ambalan kusaidia mavuno, mimi na wasichana wengine. Ghala la mpunga nyuma ya kanisa. Unalikumbuka ghala, Fausto? Ulikuwa mwembamba wakati huo."

Shingo zote zikamwelekea Fausto. Hata za mbwa, ningeapa.

"Kesho yake nilikwenda kwa mwenye mkataba wa Ambalan kulalamika. Baba yako, Sabina. Mtu wa amani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, mlete baba yako au kaka yako. Baba yangu alikuwa ameshakufa. Kaka sina. Nikarudi nyumbani."

Sabina akageuka kumtazama binamu yake. Alimngoja akatae. Alimwomba, kwa macho, akatae: apige kelele, atukane, amwite Ongay mwongo. Mtu aliyecheza naye utotoni, aliyebeba jeneza la mumewe.

Fausto alikuwa mweupe kama unga wa mchele. "Mambo ya zamani hayo," akasema. "Hata sheria haikuyatambua."

Basi. Hakukataa.

Lammawan ndiye aliyejikaza. "Dada, tusichanganye mambo. Sheria ni sheria. Huyu hana baba, hana kaka, hakuna malalamiko, hakuna kosa. Ya binti yako yamesikika. Tufunge hapa, tuchinje nguruwe, watu wale."

Na Sabina alijua kwamba angeweza kunyamaza. Angeinamisha kichwa tu, na Rhodalyn angerudi nyumbani jioni ile. Akiyapokea maneno ya Ongay, mdomo wa Fausto unakufa, kwa sababu mkosaji halalamiki kwa niaba ya mtu. Na mdomo wa Fausto ukifa, Rhodalyn anabaki katikati ya uwanja na mdomo wake mwenyewe, ambao sheria haiujui. Kaka zake Jerwin walikuwa hatua tano tu. Mkono wa binti yake ulikuwa unatoka jasho ndani ya mkono wake.

"Mama," Rhodalyn akanong'ona, "nitasema mwenyewe."

Sabina akaukaza mkono ule. Akamgeukia Lammawan. "Nimepokea. Malalamiko ya Ongay, kwa mdomo wake mwenyewe. Kifungu cha tisa nimekifuta upande wangu. Baba yangu alikosea, na mimi nimelisoma kosa lake kwa kipaza sauti miaka kumi na tisa."

"Huwezi kufuta peke yako! Tunafuta wawili!"

"Basi futa, kaka."

Lammawan akageuka kutafuta msaada kwa wazee. Wazee walikuwa wanatazama mawe. Akatazama nyuma. Wanawake wote wa Tagaweng walikuwa wamesimama, na katikati yao mke wake, mikono kiunoni, hajapepesa jicho. Mzee akakuna shingo.

"Nikikataa leo," akasema kwa unyonge, "nitakula wapi?" Akainua mkono. "Nimefuta."

Rhodalyn akasema yake. Hayakuchukua muda, alisema kama anavyofundishwa kuandika hali ya mgonjwa, saa, mahali, mkono gani. Alipomaliza, kaka mkubwa wa Jerwin akatoa kisu kiunoni, na Sabina akajitupa mbele ya binti yake bila kujua ameruka saa ngapi. Kijana akakiweka kisu chini juu ya jiwe, akarudi kukaa.

Fausto alikuwa anajivuta kuelekea njiani. Sabina akamfuata, akamshika kifundo cha mkono kama mtoto mtoro, akamvuta uwanja mzima mpaka miguuni kwa Ongay. Hakupinga. Alihukumiwa kumlipa Ongay nyati wanne na kutofungua mdomo tena katika mkutano wa vijiji hivi viwili maisha yake yote, na nadhani hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi. Kwa kisu na kwa shingo, Ambalan na Tagaweng kila kijiji kilitoa nguruwe mmoja. Watoto waliokuwa kanisani walipigiwa simu warudi darasani.

Watu walipokuwa wanakula, Sabina alikwenda kukaa karibu na Ongay kwenye ngazi za nyumba yake. Kikombe cha kahawa alichopewa alikishika kwa mikono miwili.

"Jana uliniapisha," akasema. "Ulikuwa unamfikiria Fausto. Kwa nini hukuniambia palepale?"

"Ungeniuliza nimekuja na nani."

Sabina akapiga funda moja la kahawa.

"Na halafu wewe ulikuwepo," Ongay akasema.

"Wapi?"

"Siku ile, kwa baba yako. Ulikuwa mlangoni nilipokuwa nasema. Nilipomaliza ukaniletea kahawa. Ulitia sukari vijiko vitatu, ukaniambia, kunywa, dada, njia ni ndefu."

Sabina alifunga macho. Alitafuta. Aliuona mlango wa baba yake, aliuona mkeka, aliziona nyuso za wageni, wageni wengi, miaka na miaka ya wageni, na vikombe. Alitafuta msichana wa miaka kumi na tisa akitetemeka kwenye ule mkeka, akatafuta mpaka machozi yakamtoka, na hakumwona.

"Sikumbuki," akasema. "Dada, sikumbuki kabisa."

"Najua," akasema Ongay, akainuka kwenda kuangalia wali.